Leo Ni Siku ya Nani

Ukitaka kumuudhi Gesare, mwite mwenyekiti. Abner, naibu wa chifu wetu, alimwita hivyo mara moja mbele ya duka langu hapa Ekerenyo, tena kwa heshima zote, na Gesare akamtazama kutoka viatu hadi kofia kisha akamuuliza kama kuna kiti amekiona mahali. Nilicheka mpaka mteja niliyekuwa nampimisha gambuti akaenda zake bila kununua. Nakumbuka kwa sababu baada ya hapo hatukucheka sana.

Mimi ni Dahabo. Wanawake wa huku wananiita Mama Hafiz. Nilizaliwa Kisii mjini, baba yangu akiuza vitambaa nyuma ya soko, nikaolewa na Gulled, tukapanda huku kufungua duka la gambuti, soksi, misumari, kamba na zile aproni za plastiki wanazovaa wachumaji chai. Ekegusii nakielewa chote, ila nikikisema watoto wanajishika mbavu, basi mimi na Gesare tulikuwa tunaongea Kiswahili. Yeye chake cha shule aliyoiacha mapema, mimi changu cha sokoni.

Gesare ni mwanamke mpana, mjane, goti moja bovu, Msabato asiyegusa hata jani moja la chai Jumamosi. Shamba lake liko mteremkoni chini ya soko, chai juu, ndizi chini, na katikati kuna nyumba yake, jiko lake na esaiga. Esaiga ni kile kijumba cha vijana wa kiume. Mvulana akishatahiriwa analala huko, na tangu siku hiyo mama yake haingii. Atasimama nje aite. Ataacha chakula mlangoni. Kuingia, hapana. Wenyewe wanaiita ensoni, ile aibu ya heshima kati ya mzazi na mtoto aliyekua, na ina mambo mengi ambayo mimi mgeni niliyajua kwa kukosea. Jingine ni kwamba kijana haruki miguu ya mama yake, wala ya mama mwingine wa rika lile. Akimkuta ameketi na miguu ameinyoosha njiani, anasimama, anamwomba aikunje. Asipoikunja, kijana anarudi alikotoka.

Shika hayo mawili, mlango na miguu, maana yote yaliyotupata yalipitia hapo.

Halafu kuna egesangio. Wanawake wa mteremko ule wanasaidiana kuchuma: leo wote kwa Bochaberi, kesho kwa Gesare, keshokutwa kwa mwingine, hadi mzunguko uishe uanze tena. Hakuna mwenyekiti, hakuna katibu. Ila siku ikiwa yako, ni yako kweli. Wewe ndiye unasema tuanzie mstari gani, tupumzike lini, tule nini, na hakuna wa kukubishia. Jua likizama unarudi kuwa mtu tu. Mimi sina hata mche mmoja wa chai, lakini walinichukua, sijui waliniona nini. Siku yangu ikifika walikuwa wanakuja dukani kunipangia mizigo.

Nilikuwa na sharti langu moja. Niliwaambia, siku yangu msinipeleke penye maneno na serikali. Gulled aliwahi kuzolewa mjini kwenye msako wa vitambulisho, na kitambulisho alikuwa nacho mfukoni, halali, na bado alilala ndani kwa sababu ya jina lake na pua yake ya Kisomali. Alirudi akiwa mtu wa kushtuka mlango ukigongwa. Tangu hapo nyumbani kwetu sheria ni moja: askari akiuliza swali, asiwe wewe wa kwanza kujibu. Wanawake walinisikiliza, wakakubali, na hakuna aliyenidharau kwa hilo.

Gesare alikuwa na wana wawili. Mkubwa, Nyangate, aliondoka mwaka juzi kwenda Urusi kulinda maghala. Ndivyo alivyoambiwa na Onyiego, kijana wa huku huku, viatu vya ncha na sauti ya chini, aliyekodi chumba nyuma ya hoteli ya njia panda akajiita wakala wa ajira. Ghala lenyewe Nyangate hakuliona. Walimvisha magwanda, wakamfundisha bunduki haraka haraka, wakampeleka mbele kwenye vita ambavyo hakuna mtu wa mteremko huu anayejua vilianzaje. Alituma sauti moja kwenye simu yangu, kwa kuwa mama yake ana ile ya mulika mwizi. Alisema, "Mama, huku ni baridi, niombee," na nyuma yake kulikuwa na mvumo kama wa nyuki. Baadaye kijana mwingine wa Kisii aliyekuwa naye akaandika kwamba Nyangate amekufa na mwili wake umebaki huko huko.

Habari nilimpelekea mimi. Alikuwa anachuma kwake, wanawake wote wametapakaa kwenye mistari. Hakulia. Alitua kikapu, akaketi chini palepale kati ya michai, akanyoosha miguu na kuitazama. Kisha akauliza, "Leo ni siku yangu?"

"Ni yako," Bochaberi akamjibu.

"Basi acheni chai."

Walipanda hadi njia panda na vikapu vyao mgongoni, wakaketi mlangoni mwa Onyiego, bega kwa bega, miguu imenyooshwa. Ndani kulikuwa na vijana wanaosubiri kupigwa picha za pasipoti, nje wengine ndio wanafika. Wa nje wakasimama, wa ndani wakasimama. Hakuna aliyeruka. Kijana mmoja, mwanamume mzima na ndevu zake, alianza kulia kwa kwikwi. Onyiego akatoka, akasema kwa ule upole wake kwamba mama zangu mnaniharibia kazi. Gesare akamwambia si apite. Na Onyiego ni mtoto wa huku, mama yake anachuma chai Gesima, mtu wa kanisani. Alisimama kwenye kizingiti hadi jioni jasho likimtoka, na hakupita.

Wallahi nilifurahi. Nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara nimejitia sijui lolote, lakini moyoni nilikuwa napiga vigelegele.

Basi ikawa hivyo. Mwenye siku ndiye anaamua, tuchume au tukakae. Bochaberi siku yake aliwapeleka kwenye mazishi fulani, na mwanasiasa alipoinuka kuwasifu "vijana wetu mashujaa wa nje" akamnyang'anya maikrofoni akaimba wimbo wa kanisa mpaka mtu wa watu akaketi. Wanawake kutoka Birongo walikuja kutazama, wakarudi kwao wakafanya yao kwa namna yao. Hakuna aliyewatuma. Chumba cha Onyiego kikapoa, na baada ya muda akakifunga kabisa. Tulidhani tumemweza.

Hapo ndipo Abner alipoanza kushinda kwa Gesare. Mheshimiwa, mbunge wetu, amewasikia, anasema. Mheshimiwa anataka kikundi kisajiliwe, kiwe na viongozi, kipate hema na fulana, mwenyekiti aketi jukwaani. Halafu akaongeza la mazishi. Wazee wengine walikuwa wameshamshauri Gesare azike mgomba wa ndizi badala ya mwili, mambo yaishe, na Mheshimiwa alikuwa tayari kusimamia kila kitu. Gesare alisema Nyangate si mgomba. Atamzika mwanawe au hatazika. Pale chini ya ndizi alikuwa ameacha mahali pake, na kila Ijumaa kabla ya Sabato alipafagia mwenyewe, akiwa ameinama na goti lile.

Nilimwambia ana kichwa ngumu. Hema za bure, nani anakataa hema?

"Mama Hafiz," akaniambia, "huko Nyangate alikofia kuna mtu alimwambia nenda mbele, akaenda. Huyo mtu naye kuna aliyemwambia. Fuata tu, panda juu, panda juu, mwisho utakuta mtu mmoja amekaa kwenye kiti, viatu havina hata tope. Sasa Abner ananiletea mimi kiti. Nikikalia, kesho nitamwambia nani nenda?"

"Hema lakini," nikasema.

"Mvua ikinyesha tutalowa."

Na kweli, kwa muda kukosa mkubwa kulitusaidia. Askari walikuja wakauliza mkubwa wenu ni nani, wakazungushwa kama watoto, kila mtu anamwonyesha mwenzake. Mpaka mtu aliyetujua akawaeleza namna ya kutusoma. Nasema mtu tu, bila jina, kwa sababu zamu za egesangio si siri, kila jirani anajua leo wanachuma wapi na kesho wapi. Gari la kijivu lenye vioo vyeusi likaanza kuonekana. Siku ya Bochaberi liliegeshwa juu ya shamba lake tangu asubuhi, halikufanya lolote, na kulipokucha kesho yake akakuta ua umekatwa na ng'ombe wake yuko barabarani na mguu umechanjwa. Siku ya mwingine, miche ya chai yote ya kitaluni iling'olewa ikapangwa njiani vizuri, mche kwa mche. Hiyo ya kupangwa ndiyo ilinitia baridi. Mwingine alianza kuugua kila siku yake ikikaribia, na hakuna aliyemlaumu.

Kwa Gesare tu hakukutokea kitu. Gari halikusimama, ua haukuguswa. Tulisema wanamwonea huruma, amefiwa. Hata mimi nilisema hivyo, na mimi ni mtu wa kushuku hata salamu.

Mwanawe wa pili ni Momanyi. Kijana mtaratibu, wa kusalimia kwa mikono miwili, wa kumbebea mama yake majani hadi kituo cha kupimia. Tangu kaka yake afe alikuwa amebaki peke yake kwenye esaiga. Siku moja ya masika akaja dukani akataka soksi za sufu, zile nzito, si za gambuti. Nikamuuzia. Baadaye akaja rafiki yake akataka hizo hizo. Nikamuuzia na huyo, lakini mkono ukaanza kuwa mzito. Alipokuja wa tatu nikamuuliza za nini.

"Baridi ya asubuhi, mama," akasema, macho chini.

Baridi ya Ekerenyo naijua. Ninaiuzia vitu tangu niolewe. Hakuna mtu amewahi kuitakia soksi za namna hiyo.

Nilifunga duka mchana kweupe nikateremka. Upande wa Manga mbingu zilikuwa zimeshakuwa nyeusi. Katikati ya migomba ya Gesare, mahali pasipo na njia, nikakutana na Onyiego anapanda. Viatu amevifuta. "Salama, Mama Hafiz," akasema, akanipisha kwa adabu, akaendelea. Niliendelea kushuka kwa sababu tu ni mteremko.

Gesare alikuwa jikoni anasonga ugali wa wimbi. Nilimweleza soksi, nikamweleza Onyiego, na sikufika mwisho. Alisimama na mwiko mkononi akitazama esaiga kupitia mlango wa jiko. Ni hatua chache tu. Kumbe Onyiego hakuhitaji tena chumba cha njia panda. Alikuwa anawakusanya vijana pale ndani, kwa Momanyi, mahali pekee kwenye mteremko mzima ambapo hakuna mama angeingia, na nyumba ambayo gari la kijivu liliipita bila kusimama. Sisi tulikuwa tunaziba mlango wa hoteli, naye amejilaza kwa Gesare.

"Nilisikia sauti," akasema. "Nikadhani ni wenzake wanamliwaza." Kisha akasema, "Nimewapelekea uji. Nimeuacha mlangoni, vikombe vikirudi vimeoshwa."

Alitoka akasimama mlangoni pa esaiga, akaita. Momanyi akaitika kutoka ndani, sauti ya kawaida, sauti ya mtoto aliyeitwa na mama yake.

"Unaenda lini?" Gesare akamuuliza.

"Leo, mama. Gari linatungoja."

"Hukunipa habari."

"Ningekupa nikifika huko. Mama, nitamleta Nyangate. Onyiego anajua mahali wanapowaweka. Ukikaa kwao muda kidogo wanakupa ruhusa, unarudi na mtu wako. Ameniahidi." Kisha akasema polepole, "Si ulikataa mgomba? Basi nitakuletea yeye."

Sijui kama umewahi kuona mtu akipigwa na neno lake mwenyewe. Gesare alishika fremu ya mlango. Halafu akajishusha chini, goti bovu kwanza, akaketi kwenye kizingiti, mgongo kwenye fremu moja na nyayo kwenye ya pili. Mlango ukawa umefungwa kwa miguu yake.

"Nyangate hayuko mahali anapowekwa," akasema. "Yuko kwenye tope. Na wewe watakuweka juu yake. Toka, njoo unitazame, tuongee."

"Kunja miguu, mama."

"Sikunji."

Mvua ikaanza. Bochaberi alifika mbio na gunia kichwani, akaketi kando yake. Mimi nilisimama chini ya mabati ya jiko. Na kabla hatujajua la kufanya, Abner akatokea na mwavuli. Hakuna aliyemwita. Hakuna mtu nje ya boma lile aliyejua, isipokuwa waliokuwa ndani ya mpango, na yeye alikuja moja kwa moja bila kuuliza kuna nini.

"Sema neno moja tu, mama," akamwambia Gesare. "Askari wako kwenye gari pale juu. Tumfungie kijana ndani usiku huu, ndege yao ipite. Kesho tunamfungua, mzima. Halafu tutakaa tuzungumze ile habari ya kikundi."

Nilisema, "Sema ndiyo." Nilisema kwa sauti, sikujificha. Mtoto akifungwa anafunguliwa, akifa hafunguliwi. Bochaberi naye akasema kama si askari basi sisi wenyewe, tumfunge kamba, dukani kwa Mama Hafiz kamba ziko.

Gesare alitikisa kichwa. "Mwenye gari la kuwapeleka na mwenye gari la kuwafunga ni mmoja. Hamuoni?" Akamtazama Abner. "Wewe ulijuaje?"

Abner alirekebisha mwavuli wake.

"Hakuna atakayemshika mwanangu," Gesare akasema. "Si hao, si nyinyi, si mimi. Nyangate alishikwa. Huyu atatoka hapa ananiona, au hatatoka."

"Basi ni wewe utakayemuua," nikamwambia. Ndivyo nilivyosema, na hasira niliyokuwa nayo ingewasha moto kwenye mvua ile. Gesare aliendelea kuongea na mlango.

Abner akapanda zake. Mvua ikageuka mawe, yale mawe ya huku yanayopiga mabati hadi usisikie mtu aliye ubavuni mwako. Gesare alikuwa anaongea kwa kupaza sauti, namwona mdomo tu. Alimsimulia Momanyi habari za utotoni, Bochaberi aliniambia baadaye, habari ya siku Nyangate alipomvusha mtoni mgongoni. Kanga ilimganda mwilini. Michai yote ikawa inachanwa na mawe yale, majani ya mwezi mzima, na hakuna aliyegeuka kuitazama.

Mawe yalipoisha ikabaki manyunyu. Gesare akaita. Akaita tena. Akasubiri, kisha akaniita mimi.

"Mama Hafiz. Wewe huna ensoni na nyumba hii. Ingia."

Nilivua viatu. Alivuta mguu mmoja kidogo, nikapita kwa ubavu. Ndani kulikuwa na vitanda viwili, vyote vimetandikwa, cha Nyangate na cha Momanyi. Vikombe vya uji vimeoshwa na kufunikwa. Ukuta wa nyuma kulikuwa na dirisha la mbao. Lilikuwa limetolewa lote, halikuvunjwa, limeegemezwa ukutani, na misumari yake imewekwa mezani pamoja ili isipotee. Misumari ya duka langu. Mvua ilikuwa imeingia ikafanya dimbwi sakafuni. Alikuwa ametoka wakati wa mawe, mama yake akimsimulia habari za mto.

Nilirudi mlangoni.

"Dirishani?" akaniuliza.

"Dirishani."

Gesare akakunja miguu, mmoja kisha mwingine, ule wa goti bovu akiuvuta kwa mikono. Bochaberi akapiga ukemi, mara moja tu.

Nilipofika nyumbani nikakuta ujumbe kwenye simu. "Mama Hafiz mwambie mama sikumruka. Nitarudi na Nyangate." Nilishuka tena nikamsomea. Akataka nirudie. Nikarudia. Akasema, "Hakuniruka," kama mtu anayesifu mtoto wake mbele ya mwalimu, kisha akafunika uso na kanga na hapo ndipo alipolia, kwa wote wawili.

Kesho yake ilikuwa siku yangu.

Walifika asubuhi kama kawaida, lakini hawakuja kupanga mizigo. Walitaka misumari. Bochaberi ana kijana wake, na wengine wana wao, na habari ya dirisha ilikuwa imeshazunguka mteremko mzima. Bochaberi alikuja na nyundo yake. Misumari mirefu, akasema, na mbao, tupigilie madirisha yote ya esaiga leo hii, na usiku milango ifungwe kwa nje. Wengine wakaitikia. Gesare alifika mwisho, anachechemea, akaketi kwenye ngazi ya duka bila kusema kitu. Haikuwa siku yake.

Nilivuta boksi la misumari. Jana yake ningeyapigilia madirisha hayo mwenyewe. Lakini nilipomwona Bochaberi anapima msumari kwenye kiganja, kwa ajili ya mwanawe wa kumzaa, nilimkumbuka Gulled anavyoshtuka mlango ukigongwa. Niliwaza kijana amelala ndani anasikiliza kufuli linafungwa na mkono wa mama yake. Onyiego angekuja kumwambia nini kingine? Angemwambia huko kuna mlango wazi.

"Leo siuzi misumari," nikasema.

"Mama Hafiz," Bochaberi akasema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Mtoto wangu ana soksi."

"Najua. Nimemuuzia mimi. Leo ni siku yangu na nimesema hapana. Wateja wa alfajiri wameniambia gari la pili linaondoka njia panda asubuhi hii. Tunaenda kukaa."

Wakanitazama. Walilijua sharti langu. Gesare aliinuka kwa kushika ukuta, akachukua kikapu chake kitupu, akanitangulia.

Lilikuwepo, basi dogo jeupe, mlango wazi, Onyiego kando yake na viatu vyake. Tulijipanga mbele ya mlango, tukaketi. Nami nikaketi, kati ya Gesare na Bochaberi, nikanyoosha miguu, na barabara ilikuwa bado na maji ya jana yakanipenya nguo. Vijana wakasimama na mifuko yao. Wa Bochaberi alikuwepo. Hakuna aliyesogea. Nikasikia kijana mmoja anamwambia mwenzake twende nyumbani bwana, na mwenzake hakukataa.

Halafu gari la kijivu likasimama.

Askari walioshuka hawakuwa watu wa huku. Mkubwa wao alikuwa mrefu, buti safi, hakuwa na haraka. Abner alikuwa nyuma yake, anatazama mbali.

"Mkubwa wenu ni nani?" akauliza.

Maswali ya namna hiyo tulikuwa tumeyazoea. Akatupitia kwa macho, mmoja mmoja, akaishia kwa Gesare aliyekuwa karibu na mlango. Akainua buti, akaruka miguu yake. Akasimama upande wa pili, akageuka, akairuka tena, polepole, vijana wote wanaona. Gesare hakuinua kichwa. Kijana wa Bochaberi alikuwa anaitazama ile buti, na kwa mara ya kwanza nikaona anaitazama na miguu ya mama yake.

Yule askari akachuchumaa mbele yetu. Akatabasamu kidogo.

"Haya," akasema. "Leo ni siku ya nani?"

Neno letu, mdomoni mwake. Nilimtazama Abner, na Abner akawa anatazama milima. Jana yake haikuwa siku ya Bochaberi, na leo haikuwa, lakini mdomo wake ulikuwa unafunguka. Nilijua angesema siku ni yake, kwa ajili yangu. Nikamshika mkono.

"Yangu," nikasema.

Akageuka akaniona vizuri, ushungi, uso, pua. Tabasamu likaondoka. Akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Kitambulisho."